Mtathmini wa Nje na Kadi za Salamu

Usiku wa jana niliota nimekaa ofisini kwetu Morogoro, mchana kweupe, najaza ripoti ya mwisho ya mradi. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kutishwa na ripoti. Nimejaza kumi na moja maishani mwangu na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Mradi wenyewe ni wa kadi za salamu. Anayekumbuka redio ya zamani anazijua: unanunua kadi, unaandika jina lako, unaorodhesha watu kumi unaowasalimu, chini unaweka ujumbe na wimbo unaoutaka, halafu unasubiri mtangazaji asome. Kituo kimoja kilipofungwa kiliacha maboksi thelathini. Mimi na fundi wetu wa kompyuta, Exaud, tulizipiga picha kadi zote 6,214 na kuziweka kwenye tovuti, kwa ruzuku ya miaka miwili. Ripoti ikikubaliwa, tovuti inaendelea. Ikikataliwa, inazimwa Ijumaa, na maboksi yanarudi kwa mwenye jengo la kile kituo, ambaye ameshatuambia atayachoma.

Kilikuwa kimebaki kisanduku kimoja: idadi ya walionufaika. Kadi 6,214, mara majina kumi. Niliandika 62,140. Kila mtu anafanya hivyo.

Hapo mizani ya buchani ikagonga dirisha. Ilikuwa imevaa tai.

"Mimi ni mtathmini wa nje," ikasema.

"Karibu ndani."

"Siingii. Nimeshakwambia mimi ni wa nje."

Sikubishana, masharti yao nayajua. Nikafungua dirisha, nayo ikajining'iniza kwenye nondo na kusogeza sahani yake upande wangu.

"Niletee wanufaika niwapime."

"Ni wengi."

"Nina siku nzima."

Naingia chumba cha pili kuwaita wageni wa tovuti. Chumba sasa ni sebule ya mama yangu kule Kilosa, makochi yana vitambaa vyake vya kufuma. Wageni wako kumi na tisa tu. Kumi na moja ni zile mashine zinazopitapita mtandaoni kutafuta habari. Hazina mdomo, na chai ziliyopewa imepoa. Saba ni Exaud. Wote saba wamevaa shati lile lile la drafti.

"Exaud, umeingia mara saba?"

"Nilikuwa naangalia kama inafunguka, Dada Sikudhani," wakajibu kwa pamoja.

Nilikasirika, lakini haikuwa saa ya kugombezana. Nikawapanga foleni. Mashine kumi na moja zinapanda kwenye sahani na sindano haisogei. Wanapanda kina Exaud saba. Kilo sitini na nne.

"Huyu ni mmoja," mizani ikasema, "tena ni wa kwenu. Simhesabu. Na uendelevu je? Mradi unasimama wenyewe?"

"Unasimama vizuri sana."

"Tuone."

Nikauita mradi. Ukatoka nyuma ya kabati, mrefu, mwembamba, umevaa fulana yenye nembo ya wafadhili. Nikauweka wima, nikauachia. Ukasimama kwa muda wa mtu kupiga chafya, kisha ukamwegemea Exaud wa tatu.

"Una mafua," nikasema. Mizani ikaandika kitu. Mimi nilikuwa bado na imani kamili, kwa sababu mgeni wa kumi na tisa alikuwa hajapimwa.

Alikuwa mama mtu mzima, amefunga kitenge cha zambarau, amesimama mlangoni. Hakukaa hata kidogo. Kwenye kumbukumbu za tovuti nilimjua: Mbeya, sekunde arobaini, akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naitwa Fausta Ngonyani. Niliingia kwenu nikaandika jina langu, mkasema halipo."

"Basi hukutuma kadi, mama. Tumepanga kwa majina ya watumaji."

"Mimi sikutuma. Mimi nilisalimiwa."

Kina Exaud wote saba wakatazama sakafu.

Jamani. Miaka miwili tumeandika jina la kila aliyetuma, na wale kumi wa chini tukawaacha kwenye picha. Wala hatukuwaza kwamba aliyetuma anajua alichotuma. Anayetafuta ni yule aliyetajwa. Niliona aibu, na aibu sina mazoea nayo.

Fausta akaeleza, taratibu, kama anatoa maelezo hospitalini. Mwaka 1993 yeye na dada yake Zita, wa Namtumbo, waligombania cherehani ya marehemu mama yao. Yeye akahamia Mbeya. Siku moja jirani akamjia mbio: Zita amekutaja redioni. Amesemaje? Jirani hajui, betri zilikata kabla ya ujumbe.

"Jirani akanipa pole," alisema Fausta. "Alidhani ni vijembe. Na mimi nikadhani hivyo hivyo. Zaidi ya miaka thelathini sijampigia."

"Simpimi huyu," ikasema mizani, "mpaka apate alichokuja kuchukua."

Dirisha sasa ni kioo cha studio na taa nyekundu inawaka. Maboksi thelathini yako ukutani na ndani yake kadi zinakohoa kusafisha koo.

"Nani ana Fausta Ngonyani?" nauliza.

Zote zinaanza kuongea pamoja, kila moja inawasalimu watu wake kumi. Napiga meza. "Moja moja, tafadhali. Hapa si sokoni."

"Mimi ni wa Ifakara, sina Fausta."

"Mimi ninaye, lakini ni Fausta Komba."

"Mimi nina wimbo tu, majina yalilowa."

Kutoka boksi la tisa ikatoka sauti ya chini. Ilikuwa kadi yenye doa la mafuta, namba 3,108. "Ninaye. Ni wa kumi. Ameandikwa 'popote alipo'."

"Ujumbe unasemaje?"

"Siwezi kujisoma. Hiyo ni kazi ya mtangazaji."

Sijawahi kuwa mtangazaji, lakini hapakuwa na mwingine. Nikakaa mbele ya maikrofoni, nikasoma majina yote tisa kwa sauti, maana kwenye salamu hakuna kuruka mtu. Nilipofika la kumi nikavuta pumzi.

"Na mdogo wangu Fausta Ngonyani, popote alipo. Ujumbe: cherehani ni yako, njoo uichukue."

Fausta hakulia. Aliuliza tu, "Imeandikwa njoo?"

"Imeandikwa njoo."

Akafungua pochi, akatoa simu, akapanda sahani ya mizani kama ngazi na kutokea dirishani bila kuaga. Sindano ikazunguka mara tatu na kung'oka.

"Andika mmoja," ikasema mizani huku ikilegeza tai. "Na usimzidishe."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Ripoti ya kweli ilikuwa mezani nyumbani, na ile 62,140 niliyoiandika kabla ya kulala, na sikuona sababu ya kuigusa. Ndoto ni ndoto. Hata hiyo kadi 3,108 sijawahi kuiona kwa macho. Boksi la tisa alilipiga picha Exaud nikiwa likizo.

Nikabandika chai, nikafungua sanduku la barua la tovuti, ambalo kwa kawaida hupokea matangazo ya dawa za kupunguza unene. Kulikuwa na barua moja, imetumwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri.

"Naitwa Zita Ngonyani, wa Namtumbo. Mjukuu ananiandikia. Mdogo wangu Fausta amenipigia alfajiri hii kuulizia cherehani. Anasema mama mmoja wa hapo kwenu amemsomea kadi yangu, ila hakumbuki alikuwa wapi alipoisikia. Naomba mmwambie huyo mama ahsante. Cherehani ipo, naipaka mafuta kila Jumamosi."

Nilisoma mara mbili nimesimama, chai ikamwagika jikoni. Kisha nikakaa mezani, nikafuta 62,140, nikaandika: wawili. Nikaituma ripoti hivyo hivyo.