Lipo Mahakamani

Saluni yangu haijawahi kunyamaza. Hata umeme ukikatika, midomo haikatiki. Lakini tangu shemeji achukuliwe, watu walikuwa wakiingia, wanamkuta mdogo wangu, mkewe, amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, simu mapajani, basi wanashusha sauti kana kwamba wako msibani. Hilo nalo lilinipandisha hasira. Mtu hatujaambiwa amekufa, mnanong'ona nini?

Shemeji ni mchora mabango. Yeye ndiye aliyechora lile bango la ukutani la zahanati mpya, herufi za bluu zilizonona: MAJI SAFI KWA WOTE. Waziri akaja, akakata utepe, akafungua bomba, maji yakatoka, akayanywa mbele ya kamera na kujifuta mdomo. Wiki haikuisha, bomba likaanza kukohoa, kisha likakauka kabisa. Wajawazito wakawa wanakwenda kujifungua na ndoo zao za maji kichwani. Shemeji akavumilia, akavumilia, halafu asubuhi moja akaegemeza ngazi yake, akachukua brashi ileile na rangi ileile, akaongeza neno moja chini ya bango lake mwenyewe: LINI?

Mtaa mzima ulicheka. Picha zikazagaa kwenye simu. Kesho yake gari lisilo na namba likasimama mbele ya karakana, wakashuka wanaume wenye miwani nyeusi, wakamchukua hivyohivyo na ovaroli yake. Tukaenda polisi. "Hatumjui." Kituo kingine. "Hayupo." Hospitali. Mochwari. Mdogo wangu alifunuliwa mashuka ya marehemu wa watu, huyu, na huyu, na huyu, mhudumu anamwambia, "Angalia vizuri, mama." Halafu wizara ikatoa tamko: serikali haimshikilii mtu huyo, haijui alipo, huenda amekimbia mke.

Amekimbia mke! Ningempata aliyeandika hayo, ningemchoma masikio kwa pasi ya nywele.

Mbunge wetu tunamwita Mama Ubishi. Tangu hajawa mheshimiwa anasukwa kwangu, na tangu enzi hizo anagombana na redio. Siku moja kabla ya kikao aliingia mchana, akajitupa kitini.

"Nibane vizuri, shoga. Kesho sitaki hata unywele mmoja unisumbue."

"Utawauliza?" mdogo wangu akauliza kutoka kule kwenye sinki.

"Nitawauliza. Ila wanaweza kunizimia kipaza sauti kabla sijafika katikati."

"Mimi sitaki hotuba, dada. Nataka kujua yu hai au amekufa. Basi."

Mama Ubishi akainamisha kichwa, nywele zikaniponyoka mkononi. Sijawahi kuona hivyo. Aliyetuokoa ni jirani yangu, Mama Mapacha, aliyekuwa chini ya draya na hakujua kuwa anapiga kelele.

"Yule waziri? Hata ukimuuliza saa, atakwambia suala lipo mahakamani!"

Tukacheka bila kupenda, maana ni kweli. Bei ya mafuta? Lipo mahakamani. Daraja lililoanguka? Lipo mahakamani. Kanuni za Bunge zinakataza kujadili jambo lililo mbele ya hakimu, na yule bwana amezigeuza mwavuli wake, mvua iwepo isiwepo anaufungua. Mama Ubishi peke yake hakucheka. Alikuwa akijitazama kwenye kioo, na nilipomuuliza kama nimebana sana, hakunisikia.

Kesho yake nilikaa na mdogo wangu kwenye jukwaa la wageni. Askari wa Bunge alitusomea masharti: hakuna kupiga makofi, hakuna kuzungumza, hakuna kusimama. Mimi huyu! Nilibana midomo mpaka taya zikauma.

Mama Ubishi alipoitwa, alisimama bila karatasi.

"Mheshimiwa Spika, mchora mabango wa jimbo langu yuko wapi?"

Waziri akainuka akitabasamu. "Serikali ilishajibu. Haimjui alipo." Akakaa, akaanza kuchezea simu yake.

"Mwananchi aliuliza neno moja tu, akapotea. Mimi nauliza maneno mengi. Je, leo nitafika nyumbani?"

Upande mmoja wakagonga meza. Upande wa pili wakazomea. "Kaa chini!" "Rudi saluni!"

"Nimetoka huko, na nitarudi. Kule mtu akiulizwa, anajibu. Mheshimiwa Spika, Waziri alikunywa maji ya lile bomba, sote tulimwona. Mke wa mtu huyu amekaa pale juu. Ameshafunuliwa maiti za watu akimtafuta mumewe. Waziri amwangalie usoni, arudie kwamba hamjui."

Waziri hakuangalia juu. Shingo yake ilikuwa inang'aa jasho. Wenzake wakaanza kumgeukia, na kamera nazo. Akaruka, akabonyeza kipaza sauti, akafungua mwavuli wake.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Suala la mtu huyo lipo mahakamani. Kwa kanuni zetu, haliwezi kujadiliwa humu ndani!"

"Sahihi kabisa," Spika akasema. "Mheshimiwa, kaa."

Mama Ubishi hakukaa. Alisubiri mpaka wazomeaji wakachoka.

"Naziheshimu kanuni. Sitalijadili. Namwomba tu Waziri anitajie hiyo mahakama. Maana mtu asiyejulikana alipo hapelekwi kortini. Waziri ametuambia sasa hivi, kwa kinywa chake, kwamba wanaye."

Kucha za mdogo wangu zikaingia kwenye mkono wangu.

"Nafuta kauli!" Waziri akapayuka.

"Unafuta kauli, au unamfuta mtu? Mahakama gani?"

Taa nyekundu ya kipaza sauti chake ikazimika. Walidhani wamemaliza. Hawajui kwamba mwanamke huyu amekuwa akibishana akiwa chini ya draya miaka yote hii. "Mahakama gani?" akarudia, na ukumbi mzima ukasikia. Mimi nikajikuta nimesimama. "Mahakama gani?" Nyuma yangu wageni wengine wakadakia, hata mzee mmoja aliyekuwa amesinzia. Askari wakanikamata kwapani, wakanitoa nikiwa naning'inia. Mama Ubishi naye akatolewa kwa amri ya Spika.

Tulikutana getini. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Wanaye, dada! Wanaye!"

"Uongo ule sasa unahitaji kesi," Mama Ubishi akasema huku akihema. "Itabidi wamlete mbele ya hakimu. Asubuhi tuwe mlangoni pa mahakama."

Na kweli walimleta. Saluni nzima ilihamia mahakamani, wengine na vitambaa kichwani, rangi haijakauka. Shemeji akashushwa na ovaroli yake ileile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa tambara chafu, umevimba kama mkate. Shtaka: kuharibu mali ya umma.

"Ni wewe uliyeandika?" hakimu akamuuliza.

"Ni mimi. Nilikuwa nauliza, mheshimiwa."

"Na huo mkono?"

"Alianguka," mwendesha mashtaka akadakia, kabla shemeji hajafungua mdomo. Ukumbi ukasonya wote kwa pamoja. Hakimu hakumzuia mtu. Alitoa dhamana, na aliyejitokeza kuwa mdhamini ni Mama Ubishi.

Nje, mdogo wangu alimkumbatia mumewe kwa tahadhari, kama mtu anayebeba kioo. Neno la kwanza la shemeji lilikuwa, "Maji yametoka?"

"Bado," mkewe akajibu.

Tukapitia zahanati. Neno lake lilikuwa limefutwa kwa rangi nyeupe, iliyopakwa ovyo, ikachuruzika mpaka chini. MAJI SAFI KWA WOTE palepale. Mlangoni alikuwepo mjamzito mmoja, amekalia ndoo tupu. Shemeji alilitazama bango, akautazama mkono wake, akageuza uso.

Nilifungua begi langu, nikatoa bakuli, brashi, na rangi nyeusi ya nywele, ile kali isiyotoka hata ukisugua. Nikaanza kuikoroga.

"Nishikie mimi hilo bakuli," Mama Ubishi akasema.

"Mheshimiwa, watakushtaki."

"Na washtaki. Wakiniuliza, nitawaambia lipo mahakamani."

Hakuna aliyecheka. Mjamzito alikuwa ameshasimama, ameipindua ndoo yake chini ya bango. Mdogo wangu akapanda juu ya ndoo, brashi mkononi. Hajawahi kuandika ukutani maishani mwake.

"Anzia kushoto," shemeji akamwelekeza kutoka chini, ule mkono ameukumbatia kifuani. "Kubwa. Hapana, mke wangu, kubwa zaidi."