Kisanduku cha Nne

Kabla ya salamu, kabla hata ya kutua mkoba, mtafiti alikuwa na desturi ya kufungua jokofu. Jumatatu hiyo maji yalimlaki mlangoni. Ndani, vile vipande vinne vya utumbo, kila kimoja kama punje ya mchele, vilikuwa vimeyeyuka na kulegea vichupani. Alikuwa amevitoa mwenyewe Ijumaa, kwa mpira wenye kamera, tumboni mwa binti wa miaka tisa anayeharisha damu; sasa havikufaa tena kupimwa.

"Umeme ulikatika Jumamosi kutwa," mtunza stoo alisema, macho chini.

"Na jenereta?"

"Mafuta ni ya vifaa vya wagonjwa. Hili kwenye daftari limeandikwa jokofu la ofisi."

"Ofisi! Umeona soda humu?"

"Daktari wangu, ningeliwasha bila sahihi, leo tungekuwa tunaongea mimi nikiwa nje ya geti."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Kamati ya wizara ilitaka watoto thelathini waliopimwa vipande, hata mmoja asipungue, ndipo ugonjwa aliokuwa akiutafiti, wa utumbo kuvimba, uingie kwenye orodha ya magonjwa ya watoto, zahanati zote zifundishwe kuutambua. Kwa miaka miwili alikuwa amepata ishirini na tisa. Binti huyu alikuwa wa thelathini, na faili lilikuwa likifungwa mwisho wa mwezi. Vipande vilitakiwa vichukuliwe kabla mtoto hajaonja dawa. Kamera nayo ilikuwa moja tu, na zamu iliyobaki ilikuwa baada ya wiki mbili; kuchukua vipande vipya kungemaanisha binti akae bila dawa hadi siku hiyo.

Wodini binti alimwona kwanza. "Mama, Daktari wa Choo huyo!" Akajiinua kwa viwiko. "Kisia leo nimeenda mara ngapi."

"Tano."

"Tisa! Umeshindwa."

Alicheka, kisha akajikunja akishika tumbo, kicheko kikakatikia hapo.

"Zahanati wamempa dawa ya minyoo mara sita, dada," mama yake alisema, akimpangusa jasho. "Mara sita! Hata hao minyoo wangekuwepo wangeshahama. Wewe ukaniambia Jumatatu ataanza dawa yenyewe. Si ndiyo leo?"

Mtafiti alitoka hadi koridoni, akampigia msimamizi wake.

"Wiki mbili tu," msimamizi alisema. "Fikiria watoto wote watakaokuja nyuma yake."

"Ana kilo kumi na saba, mzee. Juzi alikuwa na kumi na nane."

"Nakuelewa. Lakini ukiwa na ishirini na tisa, kamati hata faili hawatalifungua."

Alijua. Alisimama na simu iliyokwisha kukatwa, akisikia kandambili za binti zikiburuzwa kuelekea chooni. Mara ya kumi.

Akarudi, akaandika cheti cha dawa, akamkabidhi mama. "Vidonge dirisha la dawa wanavyo. Ameze vyote vya leo akishakula. Usingoje mtu."

Jioni alijaza fomu ya kamati. *Idadi: 29.* Chini yake iliulizwa sababu ya mshiriki kuondolewa, na visanduku vilikuwa vitatu: *amefariki, amehama, amekataa.* Alivisoma mara mbili, akidhani amepitiwa.

Akachukua rula. Akachora kisanduku cha nne, akanyoosha pembe zake vizuri kama vile vya chapa, akaandika mbele yake: *ametibiwa.* Kisha akakitia tiki.