Helmeti ya Rangi ya Haradali

"Mama, haina hata mkwaruzo! Itazame basi!"

"Nimeitazama. Tupa."

Tamsin aliikumbatia helmeti yake nyeusi kama mtu anayenyang'anywa paka. Hapo Squamish, mji wa Kanada ulio chini ya mlima, pikapu zilijaa uwanjani na waendesha baiskeli walishaanza kujipanga kwa mashindano. Jumamosi iliyopita, akifanya mazoezi, alirushwa juu ya usukani wa baiskeli, akatua kwa kisogo kwenye mzizi wa mwerezi, akainuka anacheka. Mama yake, Corinne, hakuwa amecheka tangu siku hiyo.

Kazi ya Corinne ilikuwa kubuni helmeti, kisha kuziangusha juu ya chuma mpaka ziharibike. Alibandua kitambaa cha ndani, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Hapa pamekuwa bapa. Sponji hii ngumu inakuokoa kwa kubonyea, na ikishabonyea hairudi. Ukianguka tena, kitakachobonyea ni hicho kichwa chako kigumu."

"Kwa hiyo nivae ile?"

Ile ilikuwa kwenye kiti cha pikapu: helmeti mpya aliyoichora Corinne mwenyewe, imeshuka mpaka shingoni, na ndani ina utando unaoteleza kidogo ili pigo la upande lisiusokote ubongo. Rangi yake ilikuwa ya haradali.

"Nitaonekana kama uyoga, mama! Yule Devlin ninayeshindana naye atanicheka mpaka meno yamtoke."

"Yatoke. Anayo mengi mno."

Tamsin alitaka kujibu, ila macho yake yakatua kwenye helmeti aliyovaa mama yake, ambaye naye alijiandikisha kushindana.

"Na yako je? Jumanne ulirudi unachechemea, ukasema umejikwaa ngazini. Tangu lini ngazi zetu zina changarawe?"

Corinne alipapasa kisogoni. Changarawe ilikuwepo, imekwama kwenye tundu la hewa. Tangu Jumanne alikuwa akijiambia kwamba alipoanguka na baiskeli aligonga kichwa kidogo tu. Aliivua, akabonyeza. Kidole kikazama.

"Mh."

"Mh nini?"

"Bapa."

"Haya!" Tamsin alipiga makofi. "Basi tumetoka sare. Wewe na yako, mimi na yangu, leo tu."

Leo tu. Corinne alijua kwamba kila aliyeleta helmeti iliyopasuka kazini kwao alikuwa amejiambia kwanza maneno hayo. Akafungua sanduku la vifaa, akatoa mkasi, akakata mikanda ya helmeti yake mwenyewe, kulia na kushoto, asije mtu akaiokota jalalani na kuivaa. Kisha akamgeuzia binti yake mpini wa mkasi.

"Lakini mpya ni moja, mama. Wewe utapanda na nini?"

"Sipandi. Nitasimama kona ya mwisho nikushangilie: uyoga, uyoga!"

"Wewe mama wewe! Usithubutu!"

"Kata, watakuacha."

Tamsin aliitazama helmeti nyeusi, akautazama mstari wa washindani, akavuta pumzi. Akakata. Corinne akamvalisha ile ya haradali, akaukaza mkanda chini ya kidevu, akamsukuma na baiskeli yake mpaka mstarini.