Maneno Kati ya Nyimbo

Kwa miaka mingi, watu wa Kigali waliopenda muziki wa kantri waliamini kwamba Ntare na Gahongayire ni mume na mke. Waliimba kama watu waliogombana asubuhi wakapatana mchana. Ukweli ni kwamba hawakuwahi kula pamoja, ukiacha chai ya maziwa na maandazi waliyonunuliwa na fundi wa studio. Ntare hakuoa. Gahongayire aliolewa na mtu mwingine, na tangu mwaka 2006 hawakuwa wamesemezana.

Ntare alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wameikimbia nchi yao. Baba yake alichunga ng'ombe wa watu. Nyumbani kulikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isiachane vipande, na kila Jumapili jioni ilikuwa inadaka stesheni ya mbali iliyopiga kantri. Mtoto hakujua neno hata moja la Kiingereza. Lakini mtu anayelilia kwao alimwelewa, maana ndiyo habari aliyoisikia kwa baba yake kila siku.

Alipohamia Kigali mwaka 1995 alikuja na gitaa na koti moja. Alipata kazi wizarani, Kacyiru, kwenye chumba cha kupokea barua: kugonga mhuri wa tarehe, kuandika kitabuni, kupeleka kila barua ofisi yake. Ndiyo kazi anayoifanya hadi leo. Alikutana na Gahongayire kwenye kwaya ya kanisa. Naye alilelewa Tanzania, Ngara, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kutaniana, katikati ya waumini waliosali kwa Kinyarwanda. Alikuwa anaimba sauti ya pili. Wengi wakiimba sauti ya pili hujificha nyuma ya ile ya kwanza. Yeye alitembea kando yake.

Walirekodi Muhima, kwenye studio ya Ilyasi, juu ya duka la magodoro. Ukuta ulifunikwa kwa trei za mayai. Walirekodi Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa siku hiyo honi za mabasi ya stendi ya Nyabugogo zilipungua kidogo. Kaseti ya kwanza ilitoka 2002, ya pili 2004. Wimbo wao uliopendwa kuliko zote ulikuwa "Barua ya Rusumo", wa mwanamume anayeandika barua mpakani na kukosa mtu wa kumpa aipeleke. Ulipigwa harusini, ulipigwa kwenye baa, ulipigwa hata na watu wasiojua Rusumo iko wapi.

Kaseti ya tatu ilikuwa imefika katikati Gahongayire alipokosa kuja Jumapili moja. Akakosa ya pili. Ya tatu, Ilyasi alimkuta Ntare mlangoni, akamwambia, "Gahongayire ametuma salamu. Amesema hataimba tena."

"Kwa nini?"

"Hakusema."

Baada ya miezi michache Ntare akasikia kwamba anaolewa na mfanyabiashara anayeitwa Eddie. Basi, akajipa jibu mwenyewe. Hakwenda kumuuliza. Alichukua nyimbo nne walizokwisha kurekodi, akaongeza nyingine alizoimba peke yake, akaitoa kaseti. Kwenye jalada aliweka picha yake amevaa kofia, na jina lake. La Gahongayire hakuliweka popote, ingawa sauti yake ilisikika upande mzima wa kwanza. Kaseti haikuuzika. Ntare akaacha kuimba mbele za watu.

Mwaka jana, mwezi wa tano, simu yake ililia akiwa kazini. Alikuwa msichana anayeitwa Keza, mtangazaji wa kipindi cha kantri cha Jumapili mchana.

"Mzee Ntare, tunataka kuwapa saa nzima. Nyimbo zenu zote na historia yake. Uje na mama."

"Mama yupi?"

"Mkeo jamani! Gahongayire."

Hapo ndipo alipaswa kumsahihisha. Badala yake alisema, "Nitamuuliza."

Kumpata hakukuwa kazi. Ilyasi alijua kwamba ana duka la vifungo, zipu na nyuzi, Muhima hukohuko. Ntare alichukua moto, pikipiki ya abiria, Jumamosi asubuhi, akashuka mbele ya duka, akasimama akiipapasa kofia yake kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Gahongayire alimwona kwanza. Alikuwa amenenepa, amevaa miwani na kitambaa cha bluu shingoni. Aliinua mkono.

"Karibu, Ntare," alisema. Ilikuwa pumzi tupu, kama mtu anayesema siri.

Ntare aliinama juu ya kaunta, naye akanong'ona, "Kuna mtoto amelala?"

"Hapana. Ndiyo sauti yangu."

Akamsogezea kiti. Alimweleza kwa sentensi fupi, akipumzika kati yake. Lilikuwa goita, uvimbe wa tezi ya shingo. Lilikua kwa ndani, likakandamiza bomba la pumzi hadi akawa anashindwa kulala chali. Daktari alimwambia mapema kwamba kisu kitapita karibu sana na mshipa wa sauti, na huenda sauti isirudi. Alifikiri siku mbili. Halafu akaenda kukatwa. Sauti haikurudi.

"Kwa hiyo ulipotuma salamu kwa Ilyasi..."

"Ilikuwa wiki ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Studioni. Zaidi ya mara moja."

Ntare alitafuta kichwani. Aliona trei za mayai, aliona chai, aliona mikono yake mwenyewe juu ya nyuzi za gitaa. Hilo hakuliona. "Sikumbuki," alisema.

"Najua."

Mteja aliingia akitaka zipu za suruali dazani mbili. Gahongayire aligonga kaunta kwa rula ili amsikilize, akamwonyesha bei kwa vidole, akafunga mzigo. Alifanya yote haraka, bila kuonekana kama anakosa kitu. Mteja alipotoka Ntare alimweleza habari ya redio.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi niende kupumua kwenye maikrofoni? Ila wakikuuliza, taja jina langu lote. Kwenye kaseti ya tatu niliona nimesahaulika."

"Hukusahaulika. Nililiacha makusudi."

"Hilo pia nalijua."

Ntare alisimama aondoke, akidhani maneno yameisha. Lakini Gahongayire alimshika mkono wa koti.

"Nina binti. Anaitwa Ihirwe, ana miaka kumi na sita. Nyimbo anazo kwenye simu, anazijua zote. Lakini mtu haimbi anapomwita mwanawe kula. Hajawahi kunisikia nikisema tu, kama watu wanavyosema." Alipumzika. "Ilyasi alikuwa hazimi mashine. Kati ya wimbo na wimbo lazima kuna mahali ninaongea. Nyimbo sizitaki. Nitafutie hayo."

Ilyasi siku hizi anatengeneza simu Nyamirambo, nyumbani kwa marehemu baba yake. Sidii za studio alizihifadhi kwenye kreti la soda, kila moja na tarehe yake. Ntare alikwenda kwake Jumamosi iliyofuata, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, watu walipokuwa wakirudi nyumbani na majembe begani. Walikaa mbele ya kompyuta kuukuu, sahani ya sambusa katikati.

"Hizi hakuna mtu alisikiliza," Ilyasi alisema. "Mimi nilikuwa natoa wimbo, hii ingine nabakisha tu."

Akabonyeza. Kwanza ulikuwa mvumo wa chumba, kiti kikiburutwa. Halafu mwanamke akasema, karibu kabisa na sikio: "Ilyasi, funga dirisha bwana. Hilo basi linapiga honi kama limefiwa." Akacheka, cheko zito la tumboni.

Ntare aliitua sambusa. Miaka kumi na minane alikuwa akiisikia sauti ya Gahongayire kwenye nyimbo, akadhani anaikumbuka. Hii alikuwa ameipoteza kabisa.

Waliendelea. Gahongayire aliuliza saa. Gahongayire alisimulia habari ya jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Alihesabu moja, mbili, tatu. Ilyasi alikata vipande, akavipanga. Kisha wakafika sidii za mwishoni, za 2006.

"Ngojeni nimeze maji," sauti ilisema. "Koo linabana."

Sauti ya mwanamume ikajibu: "Umekunywa sasa hivi. Rudia."

Kwa sekunde moja Ntare hakumjua mwanamume huyo. Alikuwa na sauti kavu, ya bosi.

Ilikuwepo kwenye sidii iliyofuata, na iliyofuata tena. *Umechelewa. Rudia. Sogea nyuma, unanifunika. Rudia.* Mara saba alizihesabu. Halafu, siku ya mwisho kabisa, Gahongayire akasema polepole, kama mtu aliyejiandaa tangu nyumbani:

"Ntare, usiku nikilala nakosa pumzi. Wameniambia niende hospitali kubwa. Naogopa."

"Utakwenda kesho, Jumatatu. Leo tumalize wimbo."

Kisha yeye: "Haya. Toka mwanzo?"

"Toka mwanzo."

Gitaa likaanza. Ilyasi akasimamisha mashine. Nje mtu alikuwa akiita mbuzi wake.

"Mzee," Ilyasi alisema bila kumwangalia, "nikate hii? Ama naweza kutoa sauti yako, yake ibaki. Iko rahisi."

"Nikitoka mimi, yeye atakuwa anaongea na nani?"

"Na hewa tu."

"Acha yote."

Ilyasi alikuna kidevu chake. "Na mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa mita mbili. Nilisikia, na sikusema kitu."

Mazungumzo yote yalifika dakika kumi na tisa. Ilyasi aliyaweka kwenye flashi ndogo nyekundu na hakutaka malipo. Ntare aliipeleka Muhima Jumatatu baada ya kazi, ndani ya bahasha ya kaki. Gahongayire aliipokea kwa mikono miwili.

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Yote?"

"Yote. Uliniambia. Ni kama ulivyosema." Maneno mengine aliyoyapanga njiani yalimpotea. "Nisamehe, Gahongayire."

Gahongayire alikuwa ameiweka bahasha kando, anazungusha uzi mweupe kwenye kigurudumu chake. Aliumaliza kwanza.

"Niliolewa, nikazaa, nikafungua duka," alinong'ona. "Sikukaa nikikungoja uje useme hivyo. Lakini asante kwa kusema."

Jumapili Ntare alikwenda redioni peke yake. Keza alimtafutia kiti cha pili, akakiondoa alipoona hakuna mwenzake. Walipiga nyimbo sita. Keza alipouliza habari ya mkewe, Ntare alisogea kwenye maikrofoni.

"Hakuwa mke wangu. Sikuwa mume wake hata siku moja. Anaitwa Médiatrice Gahongayire. Sauti ya pili unayoisikia kwenye kaseti zote tatu ni yake, na kwenye ya tatu nililificha jina lake kwa hasira. Nilikosea."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko mzima. Ana kazi zake."

Zaidi ya hapo hakusema, maana hayakuwa yake ya kusema. Msikilizaji mmoja aliyejitaja kwa jina la Usumani alipiga simu, akalalamika kwamba kwenye harusi yake walicheza "Barua ya Rusumo" kwa kuwa wenye wimbo walikuwa wameoana. "Mzee, leo umeniharibia," alisema. Keza alicheka. Ntare alimwomba radhi Usumani naye, na alimwomba kwa moyo.

Ujumbe wa Gahongayire ulikuja Jumanne, akiwa anagonga mihuri. Aliusoma amesimama dirishani, ambako vilima vya upande wa pili vilikuwa vimezibwa na ukungu.

"Ihirwe amesikiliza pamoja na mimi. Kile cha honi ya basi amekirudia mara tatu. Ameniuliza huyu mwanamume mkali ni nani. Nilipomwambia hakuamini kama ndiye anayeimba vile. Amelia kidogo, halafu akasema sauti yangu inafanana na ya mama yake mdogo. Nilisikia jina langu redioni, dukani kulikuwa na wateja, sikuwaambia. Ntare, usije dukani kwa sasa. Eddie hana neno. Ni mimi. Nikiwa tayari nitaandika."

Ntare aliandika jibu refu. Alieleza Karagwe, alieleza kwa nini alikuwa na haraka miaka ile, alieleza mengi. Alilisoma, akaona kwamba ni mtu yuleyule anaongea tena. Alilifuta. Akaandika: "Sawa. Msalimie Ihirwe." Kisha akarudi mezani, ambapo barua za mchana zilikuwa zimefika.

Hakuandikiwa tena mwezi huo, wala uliofuata. Jumapili moja baada ya ibada, nyumbani kwake Kicukiro, alilitoa gitaa, akalifunga nyuzi mpya. Aliketi barazani akaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini, ambayo hakuwahi kuitumia studioni, na alipofika kiitikio aliacha vidole viendelee bila maneno. Mtaa ulikuwa kimya. Kwa jirani watu walikuwa wamekwenda kutembelea ndugu zao. Mvua ikaanza kudondoka, matone makubwa ya kwanza, akaliegesha gitaa ukutani, akashuka uani kuanua mashati yake ya kazi kabla hayajalowa.