Saa za Kupumzisha Ini

Shangazi alikatwa utumbo karibu wote. Chakula chake kikawa mfuko mweupe kama maziwa, unaosukumwa na mashine ndogo kuingia kwenye damu kwa mrija wa kifuani. Nesi alinifundisha kuunganisha saa moja jioni na kutoa saa moja asubuhi. Mchana apumzike.

Lakini Shangazi aliogopa kufunguliwa. "Ukinitoa hapo nitaishi kwa hewa?" Akataka nipunguze mwendo wa mashine, mfuko udumu mpaka jioni ya pili. Nikapunguza. Yeye ndiye aliyenilea, ningembishia vipi?

Mwezi wa nne, namchana nywele dirishani, nikaona weupe wa macho yake umeingia umanjano. Mkojo nao ulikuwa kama chai iliyokolea. Nilipomwambia, akasema dirisha ndilo chafu, nilisafishe kwanza.

Nikambembeleza mpaka kliniki. Daktari akasoma majibu ya damu.

"Mama, ini limechoka. Likiharibika, hata mfuko huu hatutaweza kukupa. Unapumzika saa ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili," Shangazi akajibu bila kupepesa.

"Basi sababu ni nyingine. Tutakulaza, tuchukue kipande cha ini kwa sindano tukapime."

Shangazi akanikazia jicho lile la kuninyamazisha mbele za watu. Nikatazama sakafu.

"Hapumziki, daktari. Mashine naipunguza mimi. Inaingia saa zote ishirini na nne."

"Huyu darasa la saba alimaliza kwa kusukumwa," Shangazi akasema. "Saa anazijulia wapi?"

"Nazijua, Shangazi. Nakaa na wewe nazitazama."

Daktari hakugomba. Alieleza kwamba ini likilishwa bila kukoma linajaa mafuta. Akapunguza mafuta ya mfukoni, akataka saa kumi na mbili kamili za mapumziko, na vijiko vichache vya supu ili nyongo itembee. Damu irudiwe baada ya wiki tatu.

Njia nzima Shangazi alinipa mgongo. Kesho yake saa moja asubuhi nikazima mashine, nikaosha mrija, nikaufunga. Akakaa kitandani kashika kifua, anasubiri kufa. Saa tatu bado yupo. Saa nne akaniuliza kama hiyo supu naipika au naiangalia tu.

Nikampa kijiko cha kwanza. Akakunja uso.

"Mbaya," akasema, na mdomo akaufungua tena.