Waiyego Ajaribiwa Maski

Siku ya kujaribiwa maski, Waiyego aliamka akicheka. Akacheka akipiga mswaki, akacheka chai ikimwagika, hadi mama yake, Virginia, akamuuliza kama ameolewa bila wazazi kuambiwa.

"Ni kazi, Mami! Leo nikipita, naaga kushona magunia, naingia kwa mashine!"

Hiyo mashine, jamani, ni ya kupaka mbegu za mahindi dawa, ile nyekundu ya kuzuia wadudu. Kiwanda kiko upande wa Kapseret, na kila msichana wa magunia pale anaitamani. Lakini chumba chake kimejaa vumbi la sumu. Kama maski haikukai sawasawa, hata kuchungulia huruhusiwi. Na Waiyego alikuwa ameitaka kazi hiyo mpaka akaiota.

Sasa, hapa kwetu mtu hajitokezi mbele ya watu uso umepauka. Afadhali njaa! Na baridi ya Eldoret ya asubuhi inakausha ngozi mpaka unaonekana ulilala jikoni kwenye jivu. Kwa hivyo Virginia alimshika binti yake kidevu, akachota mafuta, akampaka paji, mashavu, pua, mpaka masikio. Waiyego akatoka nyumbani kwao mtaa wa Kimumu aking'aa, nzi akitua anateleza.

Kiwandani alimkuta Oketch, afisa wa usalama, mwanamume mrefu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Alimvalisha maski ya mpira yenye vichujio viwili, akakaza mikanda, kisha akamfunika kichwa chote kwa kofia kubwa ya plastiki yenye dirisha.

"Nitapuliza dawa chungu humu ndani. Haidhuru. Maski ikikaa vizuri, hutaonja kitu. Ukionja, inua mkono. Sasa ongea. Chochote tu, usinyamaze."

Chochote! Unamwambia hivyo mtu wa kwaya?

"Bwana asifiwe!" Waiyego akanguruma ndani ya mpira.

"Amina!" wakaitika wenzake waliopanga foleni mlangoni.

"Tena asifiwe!"

"Amina!"

Akaanza ushuhuda. Brigid, rafiki yake wa magunia, akaanzisha pambio, foleni nzima ikapiga makofi, na Waiyego akacheza palepale kitini, mabega juu, mabega chini. Oketch akaendelea kupuliza.

Ndipo uchungu ukaja. Ulimkamata ulimi, ukamshuka kooni, na maski akaisikia ikiteleza shavuni kama sabuni kwenye beseni. Moyo ukamlipuka paa! Akiinua mkono, ni kurudi kwa sindano na magunia. Na nani angejua? Ulimi ni wake. Akaendelea kuimba, jicho moja limejifumba lenyewe.

"Unaonja kitu?" Oketch akauliza.

"Hapana!"

"Hapana kabisa?"

"Hewa ni tamu tu!"

Oketch akalitazama lile jicho dirishani, akaacha kupuliza, akamvua ile kofia polepole.

"Dada, hii yangu ni chungu makusudi, ili ikuambie imeingia. Ile ya mbegu haikuambii kitu. Itakuingia kifuani kimya kimya, na wewe hapo unaimba."

Kicheko kikamkatika Waiyego. Aliogopa, aliogopa kweli.

"Nimekudanganya, Bwana Oketch. Ni chungu hadi kisogoni. Basi nirudishe tu kwa magunia." Machozi yakamlengalenga.

Oketch alipitisha kidole kwenye ukingo wa maski, akakitazama. Kiling'aa. Mdomo ukaanza kumcheza.

"Haya mafuta, ulikuwa unataka kukaanga nini?"

Woi! Foleni ilipasuka. Brigid akakaa chini sakafuni akishika mbavu, na Oketch naye akayatoa meno yote nje.

"Maski inateleza, haiwezi kushika. Nenda unawe kwa sabuni, tujaribu upya."

Waiyego alirudi uso mkavu, mweupe kama andazi lililopakwa unga, akipita katikati ya watu waliompigia miluzi, na yeye akiwapungia mkono kama bibi harusi. Akavalishwa. Akaimba, akageuza kichwa, akainama, akaungojea ule uchungu kwa hofu.

"Kitu?"

"Hakuna!"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu, Bwana Oketch, hakuna!"

Mchana huohuo akaingia kwa mashine. Pipa lilizunguka, mbegu zikabadilika rangi, na vumbi jekundu likapanda likamzunguka mpaka mikono yake mwenyewe akaiona kwa shida. Alipotoka na kuvua maski, ovaroli ilikuwa nyekundu, glavu nyekundu, maski yote kwa nje nyekundu. Oketch akampa karatasi nyeupe ya tishu.

"Pangusa ndani ya maski. Kama vumbi limepenya, litaonekana."

Waiyego akapangusa. Akatazama. Akapangusa tena, kwa nguvu, kila pembe, kisha akavuta pumzi hadi chini kabisa ya kifua.

"Nyeupe!" akapiga kelele, akikimbia uwanjani na tishu juu. "Brigid, njoo uone! Ni nyeupe!"