Bamba la Kwanza la Khabonina

Wivu ulimkaba Busaphi tangu asubuhi, wala hakujisumbua kuukana. Miaka mitatu ufunguo wa stoo ya unga wa alumini ulikuwa unaning'inia shingoni mwake, maana ni yeye tu katika karakana ile ya eMalahleni aliyejua kuchanganya majivu ya kituo cha umeme na saruji na chokaa na unga huo, uji ukaumuka kama mkate, ukakauka ukawa bamba jepesi la dari la kuzuia baridi. Leo Khabonina, binti aliyemfundisha mwenyewe, kamimina bamba lake la kwanza. Msimamizi alikuwa ameshasema: likiwa jepesi kuliko mabamba ya Busaphi, ufunguo unahama.

"Dada Busaphi, mbona umenuna? Mwanafunzi kakupita nini?" Mavimba, mpakizi, alimchokoza.

"Anipite wapi? Juzi tu alikuwa hajui kushika koleo!"

Uji ukiumuka, karakana nzima hunyata. Hakuna kubamiza mlango, maana ukitikiswa unabonyea na bamba linakuwa zito; ni kama nyumbani, ambako hakuna anayethubutu kufunua sufuria ya mkate wa mvuke kabla haujaiva. Wenzake walipokwenda kula ugali na maharage, Busaphi alibaki. Uji wa Khabonina ulipanda laini, bila ufa, vizuri kuliko wake wowote. Roho ikamuuma. Akaipiga kalibu iliyoushika uji teke moja ubavuni, na uji ukabonyea palepale.

Kesho yake msimamizi alilinyanyua bamba kwa kukunja uso. "Hili jiwe."

Khabonina alilengwa na machozi. "Mzee, ufunguo siutaki. Kwetu mshahara wa kwanza anapewa mama, na mimi wangu alishafariki. Kwa hiyo bamba langu la kwanza nilikusudia kumpa dada Busaphi. Nasikia bibi, mama yake, halali kwa baridi ya paa la bati lisilo na dari." Akamgeukia. "Dada, wewe ndiye unayejua. Nimekosea wapi?"

Busaphi angesema maji yalizidi, wangemwamini. Lakini akilini alimwona mama yake kajikunyata chini ya blanketi mbili, akikohoa, na aibu ikamwasha mpaka masikioni.

"Hujakosea," alisema. "Nililipiga teke."

"Nani?" Mavimba akauliza, kana kwamba hakusikia.

"Mimi. Nilikuonea wivu, mdogo wangu."

Busaphi akavua ufunguo shingoni, akamwekea Khabonina kiganjani, kisha akachukua koleo na kwenda kumchotea majivu ya bamba la pili.